Feni ya Hita ya Mzee Anaeli

Kuna asubuhi moja ya mwezi wa saba ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na ndiyo nataka nikuhadithie. Usiniharakishe tu. Nikiharakishwa nasahau, na nikisahau naanza kugomba, na wewe hukuja hapa kunisikiliza nikigomba.

Nilikuwa fundi umeme wa magari pale Sekei, kijana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Kikwe, kichwa kimevimba. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, na magari yaliyotumika yanaingia Arusha kutoka Japani. Sisi tulikuwa tumezoea aina mbili tatu za magari ya zamani, tunayajua mpaka tabia zake. Ghafla yakaja haya, kila moja na waya zake, na kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi kuna maandishi ya Kijapani matupu. Tulikuwa tunabahatisha, mwanangu. Hakuna aliyekubali kulisema hilo mbele ya mteja, lakini tulikuwa tunabahatisha.

Mteja wangu mmoja alikuwa Mzee Anaeli, Mmeru wa huko juu ya Tengeru, mkulima wa kahawa na ndizi. Mwanawe Elisante, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyewanunulia wazazi wake gari moja la hayo ya Kijapani, tena kwa sababu moja tu: mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua, na kila Jumatano ilibidi afike hospitali mjini asubuhi na mapema. Sasa, wewe unaijua baridi ya mwezi wa saba kule mlimani. Ukungu unashuka mpaka humwoni ng'ombe aliye mbele yako. Feni ya hita isipopuliza, kioo cha mbele kinajaa mvuke na dereva haoni kitu. Ukifungua madirisha mvuke unaondoka, lakini baridi yote inamwingia mgonjwa kifuani. Kwa hiyo feni ile kwao haikuwa anasa.

Na feni ikagoma. Vituko vyake ndivyo vilivyonichanganya. Asubuhi kule nyumbani mzee akiiwasha, inaguna kidogo, inanyamaza, fyuzi imekatika. Mchana analeta gari Sekei, naweka fyuzi mpya, nawasha: inapuliza vizuri kabisa! Mzee anashukuru, anarudi kwake. Jumatano asubuhi, kimya. Nikabadilisha swichi, ikapuliza. Jumatano iliyofuata, kimya. Nikafuata waya mmoja mmoja na taa ya kupimia, nikakwangua kutu mahali waya zinaposhika bodi, ikapuliza. Asubuhi, kimya. Loo! Nilianza kuamini gari lile linanichukia. Fundi mwenzangu akasema ni hewa ya mlimani, eti nyepesi mno. Mwingine akasema feni za Kijapani haziwezi baridi, kama vile Japani hakuna baridi. Nilifika hata kumshuku mzee wa watu kwamba ananidanganya.

Lakini kila aliponiuliza, "Fundi, umeuona ugonjwa?" nilimjibu, "Nimeuona, mzee. Tumemaliza." Mara tatu nilimjibu hivyo, bila hata kupepesa macho.

Mara ya nne ilikuwa Jumanne. Nilipanda mwenyewe mpaka kwake, na hapo nikafanya jambo ambalo nakwambia leo kwa aibu. Nilichomoa fyuzi, mahali pake nikaweka kipande cha waya mnene wa shaba. Fyuzi kazi yake ni kukatika ili kitu kingine kisiungue. Mimi nikaamua kwamba hakuna kukatika tena. Nikawasha, feni ikapuliza, nikawaambia hita imepona, nikajipongeza. Feni yenyewe sikuwa nimeifungua hata siku moja, maana iko chini ya dashibodi upande wa abiria, bolti zake zimejificha, mpaka ulale chali shingo imepinda. Mimi nilikuwa nimeshasema ugonjwa uko kwenye umeme, basi uko kwenye umeme.

Mama Elisante alifurahi jamani! Akanikazania nile, nilale, asubuhi niteremke nao mjini. Jioni Mzee Anaeli akaingia mgombani, akarudi na mzigo wa majani makavu ya migomba, akaanza kulifunika gari kwenye kioo na boneti ili umande usilipige. Alifanya hivyo kila siku tangu gari lifike, taratibu, kama anamfunika mtoto. Kwetu majani hayo tunamtandikia ng'ombe, tunaezekea, tunafungia vitu vya kupeleka sokoni. Nani angeyatilia shaka? Nikamsaidia kuyabeba. Niliyabeba kwa mikono yangu miwili, mwanangu, na sikujiuliza chochote.

Asubuhi tukayaondoa yameloa chepechepe. Mama akatoka ndani amejifunga kitenge tu. Mumewe akamwuliza, "Na blanketi je?"

Akacheka. "La nini? Si fundi amesema hita imepona?"

Hatujafika lami, feni ikaguna, ikakwama, na safari hii hakikukatika kitu. Moshi ukaanza kutoka kwenye matundu ya dashibodi, moshi mzito, usoni kabisa pa yule mama. Nikapiga kelele, "Zima, mzee, zima!" Tukamtoa, tukamketisha kwenye nyasi kando ya barabara. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, na baridi ile inampiga na kitenge chake. Nikamvika koti langu. Mungu ni mwema, gari la maziwa lilikuwa linashuka kwenda mjini. Mbele palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, wakampakia yeye, wakaondoka mbio kumpeleka hospitali.

Mzee akabaki na mimi. Moshi haukuwa umeisha, ikabidi sasa nilale chali nifungue zile bolti nilizokuwa nazikwepa. Feni ikatoka imesongwa na vipande vya majani ya migomba, vingine vimeungua. Vilikuwa vinaanguka ndani kupitia matundu ya kuvutia hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele. Asubuhi vimeloa, vinaikaba feni. Mchana jua limevikausha, feni inazunguka. Na mimi mwezi mzima nahangaika na swichi!

Mzee Anaeli akayachukua majani yale, akayaweka kiganjani, akayatazama. "Kumbe ni mimi," akasema. "Mama Elisante akifa, nimemuua mimi."

Nilijua si kweli. Majani peke yake yangekata fyuzi tu, kama siku zote. Kilicholeta moshi ni waya wangu. Na nilinyamaza, mwanangu. Niliuchomoa ule waya, nikautia mfukoni, nikafunga kisanduku.

Ijumaa nilikwenda hospitali. Mama alikuwa amelazwa, ana nafuu, lakini anaongea kwa kukatakata. Mzee amekaa kwenye benchi kando ya kitanda, sahani ya chakula imepoa mbele yake. "Hajala tangu juzi," mama akaniambia. "Anasema hastahili." Hata shikamoo nilisahau kuitoa. Maneno yakanitoka yenyewe, nikawaeleza habari ya fyuzi na waya, nikawaeleza kwamba zile mara tatu nilizosema nimeuona ugonjwa sikuwa nimeona kitu.

Nilitegemea mzee anizabe kibao, na ningekipokea. Hakunigusa. Alifunika uso kwa viganja vyake akalia kwa sauti, mzee mzima, mbele ya wagonjwa wengine. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akaniangalia. "Ungesema tu hujui," akasema. "Mimi ningejifunga blanketi langu, tungefungua madirisha, tungefika. Baridi hii tumezaliwa nayo. Uongo wako ndio hatukuuzoea." Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Elisante, umesikia mwenyewe. Sasa kula."

Akala. Mimi nilisimama pale pale nikimtazama anavyotafuna, na sijawahi kuona aibu kama ile tena maishani.

Sasa sikiliza, maana wewe nawe una kazi yako, iwe ya spana, iwe ya kalamu, iwe ya kuuza duka. Kitu kikikushinda, usiniambie habari za waya kwanza. Uliza kinaishije, kinalala wapi, nani anakigusa na anakifanyia nini, hata kama unayemwuliza ni mzee na unaona soni. Mimi niliona soni, nikajifanya najua. Pale usipojua, sema sijui, na useme mapema, wakati mwenzako bado yuko kwake na anaweza kujipanga. Watu wanaweza kuishi na neno sijui. Wengine wameishi nalo miaka yote na hawajaugua.

Na ukishakosea, kwa sababu utakosea tu, wewe si malaika, usimwachie mwingine abebe kosa lako hata dakika moja. Mimi nilimwachia Mzee Anaeli siku mbili. Alinisamehe, tukaendelea kuwa watu wa kusalimiana na kucheka mpaka Mungu alipomchukua, lakini zile siku mbili alizokaa kwenye benchi akijiita muuaji sikupata njia ya kumrudishia.

Mungu abariki kazi ya mikono yako, mwanangu. Akupe ulimi wa kusema kweli ukiwa bado kijana, na siku utakapomuumiza mtu, akuwahishe kumwambia angali anakusikia.