Mwache Shosho Ajibu Mwenyewe

Mimi mdomo wangu hauna breki, na pale Nkubu ninapouza mitumba hilo si siri. Mdomo huo huo ndio nilioupeleka kwa mama, kule kijijini Karurumo, wikendi ile aliyokuja kijana wa utafiti.

Alibisha hodi vizuri, akavua kofia, akamwamkia mama kwa Kiembu, akimwita shosho, yaani bibi. Akaeleza kwamba wanataka kujua wazee wanaishi vipi, kwamba jina halitaandikwa, na kwamba swali ambalo shosho hataki kulijibu aliache tu. Mama akafurahi ajabu. Akaenda kujifunga kitambaa chake cha kanisani, akarudi akakaa wima kwenye kiti.

Kijana akatoa simu ya kuandikia majibu, akauliza shosho huwa anakula nini asubuhi. Nikajibu mimi: chai, mkate, mayai. Akauliza mwili unamsumbua wapi. Nikajibu tena: presha, lakini dawa anazo. Mama kabla hajafungua kinywa, mimi nishamaliza. Kijana akatabasamu kwa adabu.

"Samahani, auntie. Naomba nimsikie shosho mwenyewe."

"Wee! Kwani mimi si mtoto wake? Huyu namjua kuliko wewe na hiyo simu yako."

Akaomba radhi, kisha akamgeukia mama na kumuuliza kama huwa anajihisi mpweke. "Hapana!" nikaruka mimi. Mpweke vipi na mimi nipo? Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu mahindi yapandwe, na sasa yalikuwa yameshavunwa. Nilihofia mama aliseme hilo mbele ya mtu baki, tena liandikwe.

Kijana hakupandisha sauti. Aliniomba niwapishe kidogo, kwa kuwa anayeulizwa anafaa kujibu bila mtu kumkatiza. Nikamtazama mama anitetee. "Nenda utuwekee chai," mama akasema. Haki nilikasirika! Kufukuzwa sebuleni kwetu, nyumba niliyozaliwa, kwa sababu ya mtu aliyekuja juzi na begi mgongoni! Nikabamiza sufuria makusudi wanisikie.

Nikatafuta mkate wa kumpa mgeni. Hakukuwa na mkate, wala yai. Kulikuwa na uji wa jana kwenye bakuli, umefunikwa kwa sahani, na pakiti ya dawa ya presha iliyokwisha. Niliitikisa ile pakiti kama mjinga, labda kimebaki kidonge kimoja. Aibu ikaanza kunipanda hapo hapo, nikaacha kubamiza vyombo.

Jiko letu limetengwa na sebule kwa mbao tu, kwa hiyo kila neno lilinifikia.

"Watoto huja kukuona, shosho?"

"Huyu huja kila Jumapili," mama akasema. "Hata mvua inyeshe. Ananipikia, ananifulia."

"Na ukizidiwa usiku, unamwita nani?"

"Yeye. Simu haiiti mara mbili kabla hajashika."

Mungu wangu. Mimi nikiona jina la mama kwenye simu, huwa naigeuza kifudifudi juu ya nguo nikajiambia nitampigia wateja wakipungua. Na wateja wakipungua, nasahau. Nilisimama pale nikitamani aendelee kuulizwa, ili aseme ukweli hata mara moja, anitukane hata kidogo. Hakunitukana. Alisema hana shida yoyote, watoto wanamtunza vizuri.

Nilipoleta chai, ya rangi, kijana alisimama akanipa mkono.

"Auntie, nisamehe kwa kukutoa. Kazi yetu ndivyo ilivyo. Lakini shosho amebarikiwa mtoto."

Nikamtazama mama. Alikuwa amekiinamia kikombe chake, anakipuliza, hataki macho yetu yakutane. Kama ningekataa sifa ile, ningemfanya mwongo mbele ya mgeni wake.

Nikasema asante.