Friji ya Mama Mkwe

Mtaani walimwita Bwana Mikunjo, kwa kazi yake ya kuiondoa. Alikuwa dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na meza ya kupigia pasi, kamba ya kutundikia mashati na kiti kimoja cha wateja wenye haraka, ambao ndio waliokaa sana.

Mkewe alikwishapitisha hukumu. "Mwisho wa mwezi namwingiza mpangaji humu. Pasi yako ina njaa kuliko watoto. Nikinunua umeme asubuhi, jioni mita inalia."

Dobi alijisikia kutukanwa yeye na pasi yake. Alikuwa amekwisha kujibana vya kutosha: hariri alianza nazo pasi ikiwa bado vuguvugu, suruali nzito zikafuata, na mwisho alichomoa waya, akamalizia leso kwa joto lililobaki, mbiombio kama aliyeona basi likiondoka. Mita haikujali. Iliendelea kulia.

Alasiri moja, pasi ikiwa imechomolewa, alipita chini ya mita. Kile kitaa chake chekundu kilikuwa kinakonyeza. Miaka yote alikichukulia kama pambo, mpaka fundi umeme alipomwambia kwamba kila konyezo ni umeme unaoondoka. Sasa kilikonyeza kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni.

"Mama watoto! Njoo haraka! Si pasi! Wallahi si pasi!"

Walizima taa, wakazima televisheni, wakachomoa kila walichokikumbuka isipokuwa redio, kwa sababu ilikuwa inasoma vifo. Kitaa kikakonyeza vilevile. Wakageuka kwa pamoja, polepole, kutazama sebuleni.

Pale ilisimama friji. Ilikuwa zawadi ya mama mkwe siku walipohamia, na tangu siku hiyo haikuzimwa. Ilivishwa kitambaa cha kufuma, ikawekewa maua ya plastiki kichwani, na ilifutwa vumbi kabla ya watoto kuogeshwa. Ndani ilitunza jagi la maji na nusu ya limau.

Dobi alibana kipande cha gazeti mlangoni, akafunga, akavuta. Gazeti likatoka bila ubishi.

"Mpira wa mlango umekufa," alinong'ona, macho yakimng'aa. "Mke wangu, tunapoza mtaa mzima!"

"Usiiguse. Mama akija akaikuta imezimwa, nitaficha wapi uso wangu?"

"Basi aitwe."

Mama mkwe akaja Jumapili, akaamkiwa, akakalishwa kwenye kiti chenye mto. Dobi aliinamisha macho, akaanza mbali: habari za mvua, afya za majirani, jinsi vitu vyote vizuri duniani huchoka. Alikuwa amefika kwenye mipira ya magari mama mkwe alipoomba maji. Alikunywa funda moja, akalitazama jagi.

"Mkwe wangu, hata maji haya yamechoka kukusikiliza. Ni friji, siyo?"

Dobi akaitikia kwa kichwa.

"Unadhani niliwapa kwa nini? Kwangu ilikula umeme mpaka nikauza redio. Nikasema, hawa bado vijana, wataimudu."

"Mama!" binti yake akang'aka.

"Nilingoja mlalamike. Hamkulalamika. Nikajua mambo yenu mazuri."

Akainuka, akasogeza kitambaa kwa heshima, akachomoa waya kwa mkono wake. Mngurumo ambao nyumba ile iliuzoea hata kuusahau ukakatika. Wote watatu wakakimbilia nje kwenye mita, mama mkwe akiwa mbele.

"Bado," dobi akasema. "Bado... bado..." Alikuwa amemshika mama mkwe mkono, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu. Hatimaye kitaa kikakonyeza mara moja, kivivu, kama anayegeuka kitandani.

"Imelala!" akapiga kelele, na jirani akachungulia kuuliza nani kazaliwa.

Mwisho wa mwezi mpangaji alifika na godoro lake. Mke wa dobi, ambaye siku hizo alikuwa hajasikia mita ikilia, alimwambia chumba kina mtu.

Friji haikutupwa, ni zawadi. Imebaki sebuleni na maua yake, mlango umeachwa wazi kidogo, na mashati ya wateja yamepangwa ndani mbali na vumbi. Mmoja aliuliza kwa nini shati lake linatolewa kwenye friji.

"Ili mikunjo isirudi," dobi akamjibu, bila kucheka.