Udongo wa Usangi kwenye Wimbi la Natali

Mimi ni mwoga, na Usangi nzima wanajua. Nikiwa msichana sikuvuka mfereji bila kushikwa mkono. Kwa hiyo niliposema nakwenda kuiona bahari, jirani zangu walicheka wakidhani natania. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyumbani kwetu kilio kilikuwa kimekwisha kuja, kwa sababu shujaa tulikuwa naye mmoja, mume wangu Eliamani.

Eliamani aliandikishwa askari wakati wa vita kuu, na meli iliyowapeleka Asia ilizama baharini. Tarishi wa serikali alipanda mlima kutuletea habari. Mchungaji akamwombea kanisani, watu wakaimba, wakarudi makwao. Lakini mama yake, mavyaa wangu, alikataa kunyolewa. Kwetu wafiwa hunyolewa nywele mazishi yakiisha, naye aliuliza, "Mazishi gani? Nani amemwekea mwanangu udongo?" Vita vikaisha, miaka ikapita, nywele zake zikarefuka na kuwa nyeupe chini ya kitambaa. Nami sikuweza kunyolewa kabla yake. Nilikaa pale nyumbani, si mke, si mjane.

Wakati huo nilikuwa yaya wa mtoto wa Bibi mmoja Mwingereza, mke wa meneja wa shamba la mkonge huko bondeni. Mama yake Bibi aliishi pwani ya Natali, kule Afrika Kusini. Siku moja Bibi akaniambia anakwenda kumsalimu na mtoto, na anataka nifuatane nao kwa meli. Nilimjibu hapana kabla hajamaliza kusema. Jumamosi nilipopanda nyumbani nikamsimulia mavyaa kama kichekesho. Hakucheka. Alichukua jembe dogo, akaenda mgombani palipozikwa kitovu cha Eliamani, akachimba udongo, akaufunga kwenye kipande cha kanga.

"Mpelekee," akasema.

"Mama, mimi naogopa maji."

"Najua. Uogope, lakini uende. Na usimtupie kama mtu anayetupa taka. Uingie, umwekee kwa mkono wako."

Lembeni tulipanda gari moshi. Nilikuwa nimeshuka mlima kwa miguu tangu alfajiri, kile kifurushi nimekifunga kiunoni, na kila nikiteleza nilikishika kwanza kabla ya kushika mti. Tulipofika Same gari lilisimama kuongeza maji. Akina mama waliuza ndizi na mayai madirishani, na milima ya Upare ilisimama nyuma yao, imara, haitikisiki. Niliitazama mpaka shingo ikauma. Mbele yangu kulikuwa na kitu ambacho, kwa nilivyoambiwa, hakitulii hata siku moja.

Tanga nilipata nafasi ya kwanza ya kuuweka udongo. Maji ya bandarini yalikuwa yamelala, na palikuwa na ngazi ya mawe iliyoshuka mpaka ndani. Nilishuka vidato viwili. Chini sikuona kitu ila weusi, na miguu ikakataa, ikakataa kabisa, mpaka Bibi akaniita kwamba mashua ya kutupeleka melini inaondoka. Nilifurahi kuitwa. Nasema kweli, nilifurahi.

Melini nilikuwa mzigo mtupu. Tulipita Unguja, Dar es Salaam na Beira, na abiria wenzangu walisimama ukingoni kutazama miji. Mimi nilikaa katikati, mgongo kwenye nguzo, mtoto mapajani. Usiku nilihisi maji yakipita chini ya sakafu niliyoilalia na nikawaza kwamba huenda Eliamani naye alilala hivi hivi. Basi usingizi ukaisha. Mwanamke mmoja wa Kihindi aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia ndiyo, maana kueleza hofu ile kwa mgeni ni kazi.

Dabani, mji wa bandari wa Natali, tulishuka, tukachukuliwa kwa motokaa kwenda kusini, kwenye mji mdogo wenye nyumba nyeupe juu ya kilima. Kabla sijaona kitu nilisikia mngurumo. Nilidhani ni gari moshi lingine. Bibi akacheka, akanionyesha kwa kidole. Pale ndipo lilipokuwa lile wimbi lenye sifa, ambalo vijana wa Kizungu walisafiri kutoka miji ya mbali kuja kulipanda. Ng'ambo ya mwamba uliochomoza baharini maji yaliinuka, yakainuka tena, yakawa ukuta wa kijani, kisha ukuta ukaanguka kuanzia upande mmoja kwenda mwingine. Na juu ya ukuta ule, watu! Walikuwa wamesimama juu ya mbao kama mtu asimamavyo barazani kwake. Nilimfunika mtoto macho. Sijui kwa nini nilimfunika yeye, ilhali aliyekuwa akitetemeka ni mimi.

Katika nyumba ile mpishi alikuwa mtu wa Nyasa, jina lake Filimoni. Alikuwa amepigana vita, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. Nilipokisikia nilitaka kulia kwa furaha. Nilimweleza habari ya udongo siku ya tatu, tukimenya viazi.

"Lakini meli ya mume wangu ilizama mbali," nikasema. "Huenda hii siyo bahari yake."

"Iko moja tu, dada. Bahari hapana ukuta." Akatia kiazi kwenye maji. "Lakini hapa mtu mweusi hapana ingia. Iko kibao pale chini. Kwenye mchanga ruhusa, kama umeshika mtoto ya mzungu. Maji, hapana. Polisi nakamata."

Basi hofu zikawa mbili, ya maji na ya polisi. Kila siku nilikaa mchangani na mtoto, nikalitazama wimbi. Na kwa kuwa mtu hutazama mambo kwa macho aliyotoka nayo kwao, niliona ndiva. Msomaji asiye wa milimani kwetu aelewe kwamba ndiva ni bwawa la udongo tunalokusanyia maji ya mfereji usiku, na asubuhi mwenye zamu huzibua tundu, maji yakashuka mashambani kwa kishindo. Yakiisha, mfereji hutulia, na hata mwoga kama mimi huvuka. Nikaona bahari nayo ina zamu. Mawimbi makubwa yalikuja yakifuatana, kisha yakapumzika kitambo. Nikaona tena kwamba karibu na mwamba palikuwa na njia ya maji laini, yasiyovunjika kamwe, yametulia kama ndiva jioni. Nikajiambia, pale ndipo mahali pangu. Zamu ikiisha nitaingia, niweke, nitoke.

Alfajiri moja, mtoto akiwa bado amelala chumbani kwa nyanya yake, nilishuka na Filimoni. Alisimama juu ya mwamba kuangalia polisi. Vijana wawili tu walikuwa majini na mbao zao, mbali. Nilifungua kifurushi kiunoni nikakifumbata mkononi. Nilisubiri mawimbi makubwa yapite, la mwisho likapita, nikaingia. Maji yalinifika magotini, kisha kiunoni. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia Eliamani, maneno mazuri, ya kikanisa kidogo. Nikainama.

Mchanga ukaondoka chini ya miguu yangu.

Njia ile laini haikuwa imetulia hata kidogo. Ilikuwa ndiyo mlango. Maji yote yaliyoletwa na mawimbi yalikuwa yakirudi baharini kwa kupitia pale, kimya kimya, na mimi nilikuwa nimejiweka tunduni kwa miguu yangu mwenyewe. Niligeuka kutazama pwani, nikamwona Filimoni juu ya mwamba akiwa mdogo. Nilipiga maji kwa mikono kurudi kwake, naye akazidi kuwa mdogo. Kanga ilinizonga miguu. Nilimeza chumvi. Nikajua nakufa, na nikajua kifo chenyewe ni kile kile cha mume wangu, na hilo halikunifariji hata chembe. Mavyaa atabaki na wawili wasiozikwa. Nikapiga kelele. Maneno yote niliyotunga yalipotea, likatoka jina lake tu, Eliamani, Eliamani, kama mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya bonde.

Ndipo mwili ukakumbuka jambo ambalo kichwa kilikuwa kimesahau. Kwetu mtoto akianguka mferejini ndiva ikiwa imezibuliwa, watu humpigia kelele wakisema, usipande kinyume cha maji, egemea ukingo! Anayeshindana na maji huchoka, akapelekwa. Nikaacha kuitazama pwani. Nikajilaza ubavu, nikajisukuma kuelekea upande, kule kwenye mngurumo niliokuwa nikiukimbia tangu nilipofika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, lakini mkono mmoja uliendelea kupiga maji. Wa pili ulikuwa umefumba.

Mmoja wa wale vijana aliniona. Alikuja kifudifudi juu ya ubao wake, akasema maneno nisiyoyajua, akanishika kwenye kwapa na kunivuta nikalala mbele yake. Kisha akatazama nyuma, akaanza kupiga maji kwa mikono miwili. Bahari ikainuka chini yetu. Tukashuka ule ukuta wa kijani kwa kasi ya jiwe linaloporomoka kutoka Ngujini, juu mlimani kwetu, povu pande zote, na mchanga ukanipokea kwa uso.

Kijana alitazama ufuko wote, kushoto na kulia. Akanionyesha kilima kwa mkono: nenda, upesi, kabla hujaonekana. Uso wake nao ulikuwa na hofu. Filimoni alinifunika koti lake, tukapanda kilima. Jikoni ndipo nilipofumbua mkono, kidole kimoja kimoja, maana vilikuwa vimekakamaa. Kipande cha kanga kilikuwemo. Udongo haukuwemo.

Safari ya kurudi sina la kuisifia. Niliogopa meli vile vile, na nguzo yangu niliikumbatia vile vile. Wanaoniuliza nilichojifunza huko huwaambia ukweli, kwamba woga hauishi kwa kwenda baharini, na kwamba maji laini si lazima yawe maji mema. Tulipopita Same alfajiri, milima ikiwa na ukungu mabegani, nililia mbele ya abiria wote. Lembeni nilishuka, nikaanza kupanda.

Mavyaa alikuwa uani akipembua maharage. "Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Hakuuliza habari za safari. "Ulimwekea, au ulimtupia?"

Njia nzima nilikuwa nimetafuta jibu la kumpendeza. Nikaliacha. Nikamweleza yote, ndiva yangu ya kijinga, mchanga kuondoka, kelele.

"Sikumwekea, mama. Mkono wangu ulikuwa umefumba. Sikuufumbua hata mara moja, nao udongo ukatoka."

Akachukua kile kipande cha kanga. Akakinusa, akakigusa kwa ulimi pale penye chumvi iliyokauka.

"Basi aliupokea mwenyewe. Na ulisema nini?"

"Nilimwita jina lake tu."

Aliweka ungo chini. Akavua kitambaa, nywele nyeupe zikashuka mabegani, nyingi kuliko nilivyodhani. Akaingia ndani, akatoka na kigoda na wembe, akakaa, akainamisha kichwa.

"Ninyoe," akasema.

Nilimnyoa. Kisha tukabadilishana kigoda.