Fungu la Malaika

Titus Njoroge alikuwa na kasoro moja tu, na bahati mbaya ilikuwa mahali ambapo kila mtu aliiona: mdomoni. Miaka yote aliyoendesha basi kusini mwa London, abiria wake walijua kwamba ukikaa viti vya mbele utapewa habari za mvua, za watoto wa siku hizi, na za nabii Eliya na kunguru wake, upende usipende. Wengine walishuka kituo kimoja kabla ya chao. Wengine walimpenda, wakamletea kadi za Krismasi.

Kanisani, mdomo huo ulimponza. Walikuwa na ibada ya Kiswahili kila Jumapili mchana, katika ukumbi wa kukodi pale Thornton Heath, Wakenya wengi na Watanzania wachache, na mara mbili jina la Titus lilitajwa kwa uzee wa kanisa, na mara mbili likarukwa. "Mzee wa kanisa hutunza siri za watu," waliambiana wakinywa chai, "na huyu ndugu yetu hata zake zinamshinda." Maneno hayo yalimfikia, na yalimuuma. Si kwamba alitaka ukubwa. Alitaka tu, kabla hajaiaga dunia, kubeba lile sinia la Meza ya Bwana katikati ya viti, na watu wamtazame wakijua kwamba ameaminiwa.

Alipostaafu, Mchungaji Douglas alimvuta pembeni akamwambia safari hii mambo yamekaa sawa. Angeombewa awe mzee wa kanisa Jumapili ya kwanza baada ya likizo aliyokuwa akienda na familia yake. "Ila mpaka siku hiyo, Mzee Njoroge, nakuomba unyamaze tu."

Sharti lililobaki lilikuwa la pombe. Kanisa lao halikutaka hata tone. Meza ya Bwana yenyewe ilikuwa juisi ya zabibu katika vikombe vidogo vya plastiki, vya kunywewa kwa mara moja. Titus hakuwa na wasiwasi, maana tangu azaliwe hajaonja. Mkewe Jennifer, mwenyekiti wa chama cha akina mama, ndiye aliyekuwa moto wa kuotea mbali. Aliwahi kuondoka kwenye harusi ya mpwa wake na sahani ya pilau mkononi, kwa sababu tu meza ya jirani walifungua chupa.

Likizo yenyewe ilikuwa zawadi ya binti yao Mumbi: wiki nzima Barbados. Mumbi alizaliwa na kukulia London. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Siku ya tatu mvua ilinyesha, bahari ikakataa wageni, na hoteli ikatoa gari la kuwapeleka kutazama kiwanda cha rumu, ile pombe kali ya miwa.

"Mimi siingii kiwanda cha pombe," alisema Jennifer.

"Mama Mumbi, ni miwa!" Titus alishika koti. "London muwa tunaouziwa ni mkavu kama ufagio. Twende tukaone wenyewe. Kutazama si kunywa."

"Mum, you don't have to drink anything," alisema Mumbi, na kwa neno hilo, kwamba si lazima anywe chochote, wakapanda gari.

Mwongozaji, dada mmoja mwenye sauti ya upole, aliwaonyesha miwa, akawaonyesha mitungi ya shaba ya kuchemshia pombe, kisha akawaingiza ghalani. Huko ndiko mambo yalikoharibika. Ghala lilikuwa na kiza na ubaridi, mapipa yamepangwa safu kwa safu, na wageni waliketishwa kwenye mabenchi marefu. Dada akashusha sauti. Akasema kila mwaka sehemu ya rumu hupungua mle pipani, na hiyo huitwa fungu la malaika.

Titus alishtuka. Akamgeukia mkewe amfasirie, kwa Kiswahili cha Biblia kilichonyooka: "Umesikia? Wanatoa fungu la malaika!" Na kwa kuwa alikuwa anafasiri, hakusikia sentensi iliyofuata, ambayo ndiyo iliyokuwa na maelezo. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Akianza kusema, dunia nzima husubiri.

Wakiwa bado wanaduwaa, likaja sinia. Juu yake vikombe vidogo vya plastiki.

Hapa nisingependa mtu amcheke sana Titus. Miaka thelathini ya Jumapili ilikuwa imeufundisha mkono wake. Benchi refu, kimya, habari za malaika, sinia, kikombe kidogo: mkono ulikwenda wenyewe, kama mguu wa dereva unavyoifuata breki. Alivua kofia. Aliinamisha kichwa akangoja mpaka watu wote wapate. Kando yake Jennifer alikuwa amefumba macho. "Amina," akasema Titus, na wote wawili wakameza kwa mara moja.

Moto! Titus alikohoa mpaka kofia ikaanguka, machozi yakamtiririka. Jennifer hakukohoa. Alifumbua macho polepole, akakitazama kikombe, akakipindua kuona kama kuna kilichobaki.

"Baba Mumbi," alisema, "hii si zabibu."

Na dada yule alipopita mara ya pili, akiwa na rumu iliyokaa zaidi kwenye pipa, mwenyekiti wa akina mama alinyoosha mkono akiwa macho kodo, akachukua, akanywa. Mumbi alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu.

Garini Jennifer aliwaapisha. "Hili limezikwa hapa hapa. Baba Mumbi, umenisikia? Likitoka, wewe huna uzee wala mimi sina uenyekiti."

"Sisemi," alisema Titus, na kwa kweli alikusudia.

Tatizo halikuwa rumu. Tatizo lilikuwa malaika. Titus aliwafikiria kwenye ndege, akawafikiria nyumbani akimenya viazi. Jinsi washirika wa kanisani walivyo wazito wa kutoa, halafu watengenezaji wa pombe wanawakumbuka malaika kila mwaka! Mahubiri ya namna hiyo, ukiyakalia, yatakuchoma.

Jumapili ikafika. Titus alivaa suti ya kijivu, na kabla ya kuombewa aliitwa atoe ushuhuda mfupi. Jennifer alikuwa amempangia kila neno: shukuru, sema bahari ilikuwa nzuri, kaa. Alishukuru. Akasema bahari ilikuwa nzuri. Lakini hakukaa.

"Ndugu zangu," akasema, na Jennifer akafumba macho, "kule kisiwani nimekuta watu wa kiwanda, watu wa dunia hii, na kila pipa wanalotengeneza wanatoa fungu la malaika! Hawakumbushwi! Hawabembelezwi! Na sisi tuliookoka je?"

"Amina!" ukumbi uliitika. Mchungaji Douglas mwenyewe alisimama akapiga makofi. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote katika maisha ya Titus, na haikudumu hata kidogo.

Kule nyuma alisimama Laurean, Mhaya wa Bukoba, mtu wa vicheko asiye na nia mbaya na mtu. "Samahani, Mzee. Hilo fungu la malaika mimi nalijua. Ni rumu hiyo! Inapaa yenyewe kutoka kwenye pipa, kama mvuke. Hakuna anayetoa chochote." Akacheka. "Ila mzee wetu, mbona umefika mpaka kwenye mapipa? Huko hawamwachi mgeni hivi hivi. Walikuonjesha?"

Titus alimtazama mchungaji, akatazama sinia la fedha juu ya meza, lililokuwa likimngoja yeye, kisha akamtazama mkewe katika kitambaa chake cheupe cha chama. Akajua uzee wake umekwisha, na akaumia vibaya sana.

"Walinionjesha," akasema. "Nilikunywa. Vikombe vitatu."

"Vitatu!" mtu alishangaa.

"Na Mama Mumbi?" aliuliza Mchungaji Douglas taratibu.

"Mama Mumbi hakugusa. Mimi nilikunywa vyote." Kisha mtu ambaye hajawahi kusimama bila kuongeza neno akafunga mdomo, akaketi.

Hapo Jennifer akainuka.

"Mchungaji, mume wangu anadanganya. Yeye alikunywa kimoja, tena kwa kudhani ni Meza ya Bwana. Viwili ni vyangu. Cha kwanza nilikosea." Akafungua kile kitambaa kichwani, akakikunja. "Cha pili sikukosea."

Akina mama waliangua kelele ambayo hata leo haijulikani kama ilikuwa kilio au kicheko. Mchungaji Douglas aliinamia mimbari kama anayeomba, mabega yakimtikisika. Siku hiyo hakuombewa mtu.

Walirudi nyumbani kwa basi, ghorofa ya juu. Titus alikuwa na huzuni na hakuificha.

"Kwa nini, Mama Mumbi? Nilikuwa nimeshakufunika. Hakuna ambaye angejua."

"Ndiyo maana," alisema Jennifer. "Miaka yote wanasema wewe huwezi kutunza siri ya mtu. Leo umeitunza yangu, na ukanipa na uzee wako juu. Nani angelijua hilo, kama nisingesimama?"

Titus aliushika mkono wa mkewe, na kituo chao kikawapita bila yeyote kati yao kukumbuka kubonyeza kengele.