Siku niliyopandisha bendera kileleni Usambara nikiwa nyuma ya mama mkwe

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Vijana, marahaba hata kama hamjaniamkia.

Humu jukwaani mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo leo. Sababu ni mjukuu wangu, kanionyesha picha za vijana kutoka Dar waliokuja kufanya hiking huku kwetu Lushoto. Fimbo mbilimbili, miwani myeusi, mabegi yenye mirija ya kunyonyea maji. Chini wameandika "Tumetoboa!"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Mimi pia nimewahi kutoboa. Mara moja tu maishani. Na chumvi sitaongeza, kwa sababu mke wangu anasoma kila ninachoandika na habari hii inamhusu mama yake.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, Uhuru unatimiza miaka kumi. Mimi kijana, mwalimu mpya, mwenyeji wa Bumbuli, nimepangiwa shule ya kijiji kimoja huko juu usawa wa Shume. Kijiji sikitaji, watu wake bado wapo na wana simu.

Hapo kijijini nikampenda binti anaitwa Debora.

Baba yake alikuwa mpasua mbao, mtu wa maneno machache na mikono kama koleo. Alinitazama siku ya kwanza, akatazama viganja vyangu, akasema, "Hivi ni viganja vya kushika chaki."

Mdomo huponza kichwa, wakuu. Nikamjibu kwamba chuoni tulikuwa tunapanda milima mpaka tunaikinai. Ukweli ni kwamba mahali pa juu kabisa nilipowahi kupanda ni paa la bweni, kufukuza popo.

Mzee akarudi kwenye mbao zake. Nadhani kauli ile aliiweka akiba.

Haikupita wiki, katibu wa tawi la chama akaja na wazo. Sikukuu ya Uhuru, saa sita kamili mchana, bendera ipepee kwenye kilele cha mlima ulio nyuma ya kijiji, wananchi wote waione kutoka uwanjani. Akauliza nani anajua milima.

Mzee akanyoosha mkono. "Huyu mwalimu."

Mkutano ulipoisha akanivuta pembeni. "Nitakuwa uwanjani natazama juu. Bendera ikionekana, tutazungumza habari ya Debora. Isipoonekana, rudi kwenu Bumbuli ukatafute mke."

Sasa hapa nisimame kidogo niwaeleze mila, la sivyo hamtaelewa kilichonipata.

Ukoo wa kina Debora walikuwa wameshika mambo ya zamani. Mchumba hamtazami mama mkwe usoni, wala hasemi naye ana kwa ana, mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Mkikutana njiani unaingia porini yeye apite. Akiwa mbele yako, humpiti. Kumpita mama mkwe njiani ilikuwa sawa na kusema binti yake humtaki tena. Na kama kuna neno la lazima, unaliambia kitu chochote kilicho karibu, mbuzi au jiwe, yeye anasikia na kujibu kwa njia hiyohiyo.

Nacheka sasa. Wakati ule haikuwa ya kuchekesha hata kidogo.

Basi siku ikafika. Tukaondoka saa mbili asubuhi, mimi na katibu, watu wawili tu. Mimi nimebeba mwanzi mrefu wa mlingoti na bendera kifuani. Katibu, mtu wa Pangani, alivaa viatu vya ngozi vyenye kisigino, amevipaka kiwi vinang'aa. Desemba ile mvua za vuli zilikuwa hazijaisha, njia yote tope. Kabla ya saa tatu alishaanguka mara nne, na kila akiinuka anasema, "Tusonge mbele, ndugu mwalimu."

Kwenye saa nne tukaingia sehemu ambayo njia ni nyembamba kabisa. Kulia korongo, kushoto miiba na majani yanayowasha.

Nikainua macho. Hatua thelathini mbele yetu, mama mmoja anapanda taratibu, jembe begani, anaimba wimbo wa kanisani.

Sauti ile niliijua. Nilikuwa naisikia kila Jumapili kutoka upande wa wanawake.

Nikasimama palepale. Mama Debora alikuwa na shamba la viazi huko juu, na palizi haikuwa na habari na sherehe.

Katibu akanigonga mgongoni. "Mbona tumesimama? Kuna chui?"

"Afadhali chui, ndugu katibu. Ni mama mkwe."

"Basi msalimie tupite!"

Nikamweleza. Akakasirika kweli, akasema mila za namna hiyo ndizo zinazochelewesha maendeleo. Nikamwambia, "Sawa, chukua bendera utangulie." Akatazama njia. Akatazama korongo. Akatazama viatu vyake. Akasema kiongozi bora hawaachi wananchi wake nyuma.

Nikajaribu kuzungukia porini. Nilikwenda hatua sita tu, nikarudi najikuna mpaka machozi yananitoka.

Ikabidi tumfuate. Akitembea tunatembea. Akisimama kuvuta pumzi tunasimama. Akichuma mboga pembeni ya njia, anachagua jani mojamoja, sisi tumesimama kama nguzo. Katibu anatazama saa yake ya mkononi na kuisoma kwa sauti. Saa nne na nusu. Saa tano kasoro.

Wakuu, niliumia. Nikimpita, nimemkosa Debora. Nisipompita, saa sita inanikuta njiani na nimemkosa vilevile. Nilishaanza kufikiria nitakavyofunga sanduku langu. Lakini kila nikitaka kuongeza mwendo nimpite, miguu inakataa. Sikuweza.

Tukafika njiapanda. Mama akasimama. Hakugeuka. Akalishusha jembe chini, akaliuliza kwa Kishambaa:

"Jembe, hao walio nyuma wanakwenda wapi na huo mwanzi?"

Nikausimamisha mwanzi wangu. "Mwanzi, liambie jembe tunapeleka bendera kileleni. Inatakiwa ionekane saa sita."

"Jembe, uulize mwanzi. Njia wanaijua?"

"Mwanzi, usilidanganye jembe. Hatuijui."

Katibu, ambaye Kishambaa hakuambulia hata neno, alitutazama mimi na mwanzi, akatoa daftari lake la ripoti, akafikiri, akalirudisha mfukoni.

Mama akalirudisha jembe begani. Kisha akasema, "Jembe, basi tangulia. Huko kushoto wangeishia Mlola."

Akaanza kwenda. Na sasa hakuwa mama wa kuchuma mboga, alikuwa anapanda kama mbuzi. Tulipita shamba lake la viazi, magugu yamefika magotini, hata hakuligeukia. Katibu alivua viatu akavishika mkononi.

Tulifika kileleni saa sita kasoro dakika tatu.

Hakukuwa na kitu cha kuona. Ukungu mtupu. Katibu akisogea hatua kumi anapotea.

Tukasimika mwanzi hivyohivyo, bendera ikapanda. Mama alisimama mbali kidogo, khanga kichwani, ametupa mgongo. Katibu akatoa hotuba. "Ndugu wananchi!" Wananchi tulikuwa wawili, mmoja kageukia korongo. Alihutubia dakika ishirini na hakuruka hata mstari.

Alasiri nikaenda kwa mzee. Alikuwa amekaa nje kwenye gogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sikuona bendera."

"Ilikuwa ukungu, baba. Katibu ni shahidi."

"Katibu ana ripoti ya kuandika. Lazima aseme ilipanda."

Shahidi mwingine nilikuwa naye, lakini ningemtajaje? Nikaomba ruhusa niondoke.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jikoni.

"Jembe, wewe leo ulikuwa kule juu. Mwambie baba Debora kama bendera haikupanda."

Mzee akageuza shingo polepole. Kisha akauliza, naye hakumtaja mtu, "Hilo jembe lilikuwa wapi, na mwanzi ulikuwa wapi?"

"Jembe lilikuwa mbele. Mwanzi ulikuwa nyuma."

"Toka wapi?"

"Toka kwenye korongo mpaka kileleni."

"Na saa zinakwenda?"

"Zinakwenda."

"Mwanzi haukupita?"

"Haukupita."

Mzee akanitazama miguu, ina tope mpaka magotini, na mikono iliyovimba kwa majani. Akasema, "Jumamosi mlete mshenga."

Tulioana. Mwaka uliofuata mtoto wetu wa kwanza akazaliwa, na mama mkwe akaja kumbeba. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu tufahamiane. Neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe, bila jembe, ni hili:

"Mwanangu, bendera yako sikuiona. Nilikuwa nimegeuka."

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulinitetea?

Akasema, "Bendera ilikuwa ya katibu. Mimi nilikuwa nasikiliza miguu yako nyuma yangu."

Amelala kule kijijini sasa, mwaka wa kumi na moja huu. Tukimtembelea huwa naukumbuka mgongo wake kuliko uso, maana ndio nilioufahamu kwanza.

Nilichojifunza mimi: watu hawakupimi pale ulipofika. Wanakupima ulivyokuwa ukitembea wakati unadhani umeshachelewa.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu mama mkwe anapitwa njiani? Waliooa pwani nao waseme, maana katibu yule mpaka anahamishwa aliamini mimi ni mgonjwa wa akili. Na nyie wa fimbo mbilimbili karibuni sana Lushoto, viazi vipo.