Tulivyofuata Matope Msanzi

Nilisafiri kwenda Ufipa kwa sababu timu yetu ya wanafunzi ilikuwa imeshaokoa dunia kwenye slaidi, ikabaki kuiokoa maabarani tu. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi, kwa maneno: tutafute virusi vinavyoua bakteria, tuchukue jeni yao inayotengeneza kimeng'enya cha kupasua bakteria, tuipandikize kwenye hamira, na hamira itutengenezee dawa badala ya antibayotiki zinazozidi kushindwa kazi. Kasoro ilikuwa moja. Virusi hatukuwa navyo.

Halima, kiongozi wetu, mzaliwa wa Chanji, mjini Sumbawanga huko Ufipa, akasema virusi hivyo hupatikana penye bakteria wengi, na kwamba kijiji cha Msanzi kuna mama anayemfahamu ambaye ng'ombe wake anaumwa kiwele na sindano hazimsaidii.

Dar es Salaam, alfajiri, tulipanda basi sisi wawili na kisanduku cha barafu. Nilikuwa na fulana.

"Koti liko wapi?" Halima akauliza.

"Hii si Ulaya," nikamjibu, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kupita Morogoro.

Sumbawanga, siku ya pili, upepo ulinijibu kwa niaba yake. Tulipofika kwao Chanji nilikuwa napiga chafya mfululizo. Baba yake, mwenye duka la vitenge, akanipa koti lake. Mimi, mwanasayansi, nikaenda duka la dawa, nikaomba antibayotiki ya amoksilini bila cheti, nikameza vidonge viwili, vingine nikatia mfukoni.

Msanzi tulifika mchana kwa gari la kukodi. Mama Skolastika, yule mwenye ng'ombe, alikuwa anaanika ulezi uani.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba wanangu. Dawa mmekuja nayo?"

"Hapana mama," akajibu Halima. "Tumekuja kuitafuta."

"Wapi?"

Halima akanyoosha kidole nyuma ya zizi, penye matope na mavi. Mama akatutazama kwa huruma anayoonewa mtu aliyesoma sana.

Ng'ombe alikuwa mmoja. Chuchu mbili zilikuwa zimevimba na kutoa maziwa yenye mabonge; mbili zilikuwa bado nzima. Mama alimpapasa ubavuni. "Zikienda na hizi, namchinja," akasema polepole. "Na sitaki kumchinja."

Halima akakinga maziwa yale mabovu kwenye kichupa, nami nikachota matope. Kisha nikaona ni wakati wa kuelimisha jamii.

"Mama, zile sindano, dozi ulikuwa unamaliza?"

"Akipata nafuu naacha."

Nikashika kiuno. Nikaeleza jinsi bakteria sugu wanavyobaki na kuzaana. Nilipofika kwenye wajibu wa kila mwananchi, chafya ikanibana. Nikachomoa leso, na vidonge vikaanguka miguuni pa mama.

Akaviokota. "Hivi vya nini?"

"Mafua, mama."

"Vinatibu mafua?"

"Hapana."

"Na dozi utamaliza?"

Nikatazama ng'ombe. Halima alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Sijawahi kutamani kumezwa na matope kama siku ile.

Halima, ambaye hakuwa na hotuba, akaomba maji ya moto, akatoa sabuni mkobani. Akamwonyesha mama kunawa mikono na kuosha kiwele kila anapokamua, kuanza na chuchu nzima na kumalizia na zinazoumwa. Mambo ya kawaida tu, nikawaza, tukaondoka na sampuli zetu kwenye barafu.

Dar es Salaam, wiki kadhaa baadaye, tulidondosha maji ya yale matope kwenye kisahani cha bakteria waliotoka kwenye yale maziwa. Kesho yake yakaonekana madoa angavu, matupu: hapo virusi vimeua bakteria. Tulipiga kelele hadi mlinzi akaja kuuliza nani kafiwa. Jeni tuliipata baadaye. Hamira bado inatugomea.

Nikampigia mama, nikammwagia habari za kisahani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Na ng'ombe?" nikakumbuka kuuliza.

"Yupo. Zile mbili nzima zinatoa maziwa safi, hazikuambukizwa. Mwambie Halima ile sabuni imefaa sana."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba katika safari ile tulifikisha Msanzi dawa moja tu, na si mimi niliyeibeba.