Shimo alilokatazwa Spesioza

Bado nakataa kuamini. Nimerudi jana kutoka Mabawe, viatu vina udongo wa kaburi la Spesioza, na nikishika simu kidole kinakwenda chenyewe kwenye jina lake.

Nyie wajukuu mnaonifuata humu hamkumjua. Alikuwa geologist, mtaalamu wa miamba na udongo, binti wa Kihangaza kutoka Ngara, aliyesoma mpaka mwisho enzi ambazo wasichana wa fani hiyo walihesabika. Mimi nilikuwa bwana afya, kijana wa Shinyanga niliyetupwa Biharamulo na baiskeli.

Tulikutana shimoni. Sitanii.

Vijiji vya Ujamaa vilikuwa vinaanzishwa, amri ni kila kaya ichimbe choo, na kazi yangu ilikuwa kukagua. Nikafika kwa familia moja ya Wasukuma wenzangu, nikakuta mwanamke yumo ndani ya shimo jipya, anakwangua ukuta kwa kisu cha jikoni. Nikamwuliza anafanya nini kwenye choo cha watu.

"Nasoma," akasema. "Wewe kagua juu, mimi nakagua chini."

Alikuwa anatafuta majivu. Zamani mno, volkano za upande wa Rwanda na Kongo zililipuka, upepo ukayaleta majivu huku, yakatua kila mahali wakati mmoja. Ukiyakuta kwenye mashimo mawili yaliyo mbalimbali, unajua udongo uliolala chini yake ni wa umri mmoja, na udongo huo utakwambia kama nchi hii ilikuwa tope au vumbi. Ilikuwa miaka ya ukame. Spe alitaka kujua kama ukame mbaya zaidi umewahi kupita hapa, na ulikaa muda gani.

Basi ikawa mimi mbele na baiskeli, yeye nyuma na mifuko ya sampuli. Serikali ilikuwa inamchimbia mashimo bure wilaya mbili nzima. Watu wakambatiza Mama Vyoo, na akiitwa anaitika.

Ngara ndiko alikotegemea zaidi, maana ni karibu na hizo volkano. Na pale kwao Mabawe, chini ya kibanja cha migomba, karibu na bonde, alikuwa na uhakika kabisa. Akamwomba mama yake ruhusa achimbe, urefu wa mtu na kina cha mtu.

Nilikuwepo. Yule mama aliweka chini ungo wa maharage, akamtazama.

"Shimo kama hilo, hapa kwangu, na hakuna aliyekufa? Unamchimbia nani?"

Choo hakina neno. Lakini shimo la umbo lile, likikaa wazi nyumbani, linaita mtu. Spe hakubishana. Msomi mzima akalifuta jembe, akalirudisha ndani.

Vita vikaja. Shule moja kule Biharamulo ikachimba mahandaki ya kujificha ndege zikipita, na Spe akaingia humo kusoma. Mgambo akamfokea, "Dada, hilo ni la kujificha, si la kuchezea." Yeye hata hakumsikia. Alikuwa ameuona mstari wa kijivu, unene wa kidole. Chini yake udongo mweusi wa kinamasi, juu yake mwekundu mkavu. Alinishika shati akalia, na mimi nikalia ingawa nilikuwa sijaelewa vizuri.

Gari la mradi wake wa utafiti likachukuliwa kwenda mstari wa mbele kabla hajarudi kuchukua sampuli za kutosha. Vita vilipoisha, handaki limefukiwa na darasa limejengwa juu yake. Boss wake akasoma report akasema huenda hayo ni majivu ya tanuri la matofali. Sehemu moja si ushahidi, alete ya pili.

Hakuipata. Aliandika proposal mpaka akachoka, akafundisha, akastaafu. Mama yake alipofariki akazikwa makaburi ya parokia, kando ya baba yake. Nikamwambia, Spe, sasa si uchimbe.

"Angekuwa hai ningembembeleza," akanijibu. "Sasa nitambembeleza nani?"

Yeye mwenyewe aliomba alazwe nyumbani, chini ya kibanja.

Siku ya maziko nilifika mapema, vijana wanamalizia kuchimba. Bwana afya hawezi kupita shimo bila kuchungulia, hata akizeeka. Nikachungulia.

Usawa wa kiuno cha kijana aliyekuwa ndani kulikuwa na mstari wa kijivu. Chini mweusi, juu mwekundu. Umezunguka kuta zote nne.

Nikakaa chini. Wakaniletea maji, wakadhani ni uchungu tu. Nikamwomba yule kijana, mpwa wa Spe, anikatie bonge moja. Akaacha jembe.

"Babu, udongo wa kaburini wa nini?"

Wote wakanigeukia. Nilijua wanachofikiria: mzee mgeni, anaomba udongo wa kaburi hata marehemu hajashushwa. Nikaanza kueleza habari za volkano. Shangazi wa yule kijana akanishika mkono taratibu, akasema, "Mzee wetu, tuachie mtu wetu."

Nikaacha. Picha niliyoipiga kwa simu nilipochungulia imetoka giza tupu na mguu wa mtu.

Kwa hiyo wanafunzi wake mnaosoma hapa, jueni ya pili ipo. Sina sampuli, nina macho yangu tu, na najua angenicheka: "Macho si ushahidi, Bwana Afya."

Spe, rafiki yangu. Jeneza lako lilipita ule mstari likatulia kwenye udongo mweusi, pale palipokuwa na maji zamani. Nilikuwa wa mwisho kutupa udongo kwa sababu sikutaka ukuta ule ufunikwe. Nasikitika hukuuona. Nasikitika zaidi kwamba swali la mama yako limepata jibu kabla ya lako.

Ya pili unayo wewe. Lala nayo salama.